Baada ya siku 10 za kimya Igatpuri: je, basi na karai la vyombo vyaweza kushika nafasi ya kukaa?

Mhasibu wa Kimara ameuliza:

Ndugu zangu, salaam nyingi.

Miaka miwili iliyopita, nikimalizia masomo yangu ya uhasibu mjini Pune, nilipanda basi hadi Igatpuri, mji mdogo wa milimani katika jimbo hilohilo la Maharashtra, nikashiriki mafunzo ya siku 10 ya vipassana, aina ya kutafakari ya Kibudha, katika kituo cha Dhamma Giri. Waliopita huko hawahitaji kusimuliwa: kengele ya saa kumi alfajiri, simu inayokabidhiwa siku ya kwanza, kimya kisichovunjwa hata kwa ishara ya mkono, siku tatu za kuiangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani, na kuanzia siku ya nne kuupitisha umakini mwilini kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, ukiitazama kila hisi bila kuikimbilia wala kuikimbia. Mara tatu kwa siku tulikaa saa nzima bila kufumbua macho wala kubadilisha mguu. Siku ya sita nililia kwa sababu ambayo mpaka leo siwezi kuitaja. Nilipotoka nilikuwa mwepesi kama mtu aliyeshushiwa gunia, nikajiahidi kufuata ushauri tuliopewa, yaani kukaa kimya tukitafakari saa nzima kila asubuhi na saa nzima kila jioni.

Ahadi hiyo ilidumu miezi minne Pune na wiki tatu Dar es Salaam.

Mke wangu ni muuguzi wa zamu, watoto wetu ni wawili, na duka la vipuri ninakotunza hesabu liko Kariakoo. Ili niwahi, sharti niwe kituoni Kimara kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jioni nikirudi kuna madaftari ya watoto, maji ya kuchota iwapo bomba limekauka, na vyombo. Polepole nikaanza kujiambia kwamba basi la mwendokasi ndilo chumba changu cha kukaa, na karai la vyombo ndilo mto wangu wa kukalia. Maneno hayo yalinipendeza, na kwa zaidi ya mwaka nimeishi nayo.

Kisha wiki iliyopita kijana wa stoo aliniletea hati ya kupokelea mzigo yenye boksi 36 za beringi, ilhali daftari langu lilisema 63. Nilimfokea mbele ya wateja. Masikio yangu yalikuwa ya moto, mate yamenikauka, na nilikuwa nimekwisha kutamka kama maneno sita ya kumdhalilisha kabla sijatambua kwamba nimekasirika. Nilipokagua upya, nikaona kwamba ni mimi niliyegeuza tarakimu wakati wa kuandika.

Kinachonisumbua zaidi ni U Ba Khin. Jina lake husikika katika mihadhara ya jioni ya S. N. Goenka, mwalimu wa mafunzo hayo, yule mfanyabiashara wa Burma (leo Myanmar) mwenye asili ya Kihindi aliyemwendea U Ba Khin mwaka 1955 kwa ajili ya kipandauso, na ambaye mwanzoni alikataliwa kwa kuwa mwalimu hakutaka mafundisho yageuzwe kuwa dawa ya kichwa. U Ba Khin hakuwa mtawa. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mke na watoto, na Burma ilipopata uhuru mwaka 1948 akawa Mhasibu Mkuu wa nchi. Mtu mwenye vitabu vya hesabu vya taifa zima alipata wapi nafasi, ilhali mimi mwenye duka moja la vipuri nashindwa? Au yeye aligundua namna ya kuifanya kazi yenyewe iwe kukaa, jambo ambalo mimi ninalijaribu vibaya?

Naomba walio na uzoefu wanijibu hapo tu. Habari ya dini nimekwisha kuimaliza na mama yangu mzazi, haina haja ya kufunguliwa tena.

Mlezi wa Bordeaux amejibu:

Ndugu yangu, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na kwa miaka mingi sasa ninafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Bordeaux, Ufaransa. Kutoka kwangu hadi Plum Village, makao aliyoyaanzisha mtawa wa Vietnam Thich Nhat Hanh mwaka 1982, ni safari isiyozidi saa mbili kwa gari, na huenda huko kila ninapopata likizo. Kwa hiyo mafunzo yangu yana sura tofauti na yako, na nitasema ninachokijua kutoka upande huo.

Pale Plum Village, kengele ikilia, au saa ya ukutani ikigonga, au simu ya ofisini ikiita, kila mtu husimama alipo. Mwenye kisu huacha kukata karoti, aliyekuwa katikati ya sentensi huiacha ikining'inia, na wote huvuta pumzi kisha huendelea. Mara ya kwanza niliona kama mchezo wa watoto. Siku ya tatu nikagundua kwamba kila kengele ilinikuta nikiwa mbali: mwili wangu ulikuwa jikoni, lakini mimi nilikuwa Bukavu, au nilikuwa nikigombana na msimamizi wangu kuhusu ratiba ya mwezi ujao.

Niliporudi kazini niliichukua kengele ambayo tayari ilikuwepo, ile ambayo wazee huibonyeza wakihitaji msaada. Inalia pengine mara arobaini kwa zamu, na kabla ya hapo kila mlio ulikuwa mwiba. Sasa mlio ni pumzi moja, kisha ndiyo natembea. Pumzi moja haijawahi kumchelewesha mzee yeyote.

Nikupe mfano mmoja wa karibu. Kuna mzee ambaye kiharusi kimemkunja mkono wa kushoto hadi ukawa ngumi, na kila asubuhi sharti ngumi hiyo ifunguliwe ili kiganja kisafishwe, la sivyo ngozi inaoza. Misuli ya namna hiyo ina tabia yake: ukiivuta haraka, inakaza zaidi. Ninaweka mkono wake katika maji ya uvuguvugu, naanza na kidole gumba, nasubiri, kisha kidole cha shahada. Mawazo yangu yakikimbilia chumba kinachofuata, vidole vyangu vinaharakisha bila mimi kujua, na mkono wa mzee unanijulisha papo hapo kwa kujifunga. Sijapata mwalimu mkali kuliko mkono ule. Kwa hiyo nikiulizwa kama kazi inaweza kuwa mazoezi, jibu langu ni ndiyo, na sioni haya kulisema.

Mpiga udi wa Malindi amejibu:

Assalaam alaykum nyote. Malindi ninayoishi ni ya Unguja, si ile ya Kenya. Mtawa kutoka Sri Lanka ndiye aliyenifundisha kukaa, katika hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, ambalo Wasinhala walilianzisha enzi za Tanganyika, na tangu hapo sijaacha.

Dada yetu wa Bordeaux amesema kweli, lakini ameruka jambo moja ambalo nashuku analifanya bila kulihesabu. Dada, je, siku zako za Plum Village hazianzi kwa kukaa ukumbini kabla ya kifungua kinywa? Kengele ya wazee inakufanyia kazi kwa sababu kuna mahali ulipoifundisha akili yako maana ya kengele.

Nianze na neno, kwa kuwa nadhani linatupotosha. Sisi husema "kutafakari", na kwetu kutafakari ni kuwaza kwa kina: mwanafunzi hutafakari swali la mtihani, mjane hutafakari maisha yake. Neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, ni bhavana, ambalo linakaribia zaidi "kukuza", kukifanya kitu kiwepo na kistawi. Nalo sati, linalotajwa kila mahali katika mafundisho haya, asili yake ni kukumbuka. Ukishika maana hizo mbili, swali lako linabadilika. Huulizi tena kama waweza kutafakari ndani ya basi, maana yeyote anaweza kuwaza ndani ya basi. Unauliza ni wapi unapokuza huko kukumbuka, na ni wapi unapokutumia.

Mafundisho ya zamani kabisa juu ya jambo hili, Satipatthana Sutta, yana vyote viwili. Yanamwambia mtawa awe na utambuzi anapokwenda mbele na anaporudi, anapokunja mkono na anapounyoosha, anapokula, anapokunywa, na anapokwenda haja kubwa na ndogo. Kwa hiyo hata choo hakiko nje ya mazoezi, seuze karai la vyombo. Lakini hayo yanakuja baada ya mlango mwingine: mtu anakwenda msituni, au chini ya mti, au kwenye nyumba tupu, anakunja miguu, ananyoosha mgongo, na anaitazama pumzi. Sijaona mahali ambapo sehemu ya pili iliifuta ya kwanza.

Ama U Ba Khin, ndugu mhasibu, umemsoma kinyume. Alianza kukaa mwaka 1937, miaka 11 kabla ya kile cheo, kwa mwalimu aliyekuwa mkulima. Na alipokuwa Mhasibu Mkuu hakusema kwamba vitabu vya hesabu ndivyo kukaa kwake. Mwaka 1950 alianzisha chama cha vipassana ndani ya ofisi ileile ili watumishi wake wajifunze, na mwaka 1952 kikafuata kituo cha mafunzo jijini Rangoon. Yaani hakuondoa kukaa akaweka ofisi mahali pake. Aliingiza kukaa ndani ya ofisi. Tofauti hiyo ni kubwa.

Hata hivyo sikuambii urudie saa mbili zako za Pune. Kuna kisa cha mtawa Sona, aliyekuwa akikaa katika Msitu wa Baridi karibu na Rajagaha, mji wa kale wa India. Alijitesa kwa kutembea huku na huko akifanya mazoezi hadi nyayo zikatoka damu, kisha akawaza kurudi nyumbani kwao, ambako kulikuwa na mali. Buddha alimwendea akamuuliza kuhusu vina, chombo cha nyuzi ambacho Sona alikuwa bingwa wake: nyuzi zikikazwa mno, je, chombo kinalia vizuri? Hapana. Zikilegea mno? Hapana. Mimi kisa hiki sikisomi kama hadithi. Kila ninapoutoa udi kwenye mfuko wake naukuta umebadilika tangu jana, na hakuna kipimo cha kudumu cha kigingi; kuna kukaza kidogo, kusikiliza, kulegeza kidogo, kusikiliza tena. Na watu husahau kwamba kuupatanisha udi hufanywa kabla ya ngoma kuanza, ukumbi ukiwa bado haujajaa. Yupo anayeweza kuurekebisha uzi katikati ya wimbo, lakini huyo ameurekebisha mara elfu akiwa peke yake.

Ushauri wangu: dakika 20, palepale, saa ileile, kabla ya kugusa simu. Kisha chagua tendo moja tu la mchana, si yote. Na nina swali ambalo naomba ulijibu kwa uaminifu. Unaposema basi ndilo chumba chako cha kukaa, huwa unaangalia pumzi, au unaangalia simu huku ukikumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa pumzi?

Mhasibu wa Kimara amejibu:

Kaka, swali lako limenichoma, na leo nimelifanyia ukaguzi. Nilipanda Kimara nikiwa nimesimama, simu mfukoni, nikaanza kuangalia pumzi. Nilipozinduka tulikuwa tumeipita Ubungo, na nilikuwa nimekwisha kuandika kichwani barua nzima ya kuomba nyongeza ya mshahara, pamoja na jibu la bosi na hasira yangu kwa jibu hilo. Kati ya Ubungo na Magomeni niliitoa simu bila kuamua kuitoa. Niliikuta tu mkononi. Hadi Gerezani nadhani nilikuwa na pumzi zangu kwa muda usiozidi ule wa kusubiri taa moja ya barabarani.

Kwa hiyo mwaka mzima huo nilikuwa na jina la chumba bila chumba. Nitajaribu hizo dakika 20.

Mlezi wa Bordeaux amejibu:

Nakubali, kaka wa Unguja, umenikamata. Ndiyo, tunakaa kila asubuhi, na hata hapa nyumbani nina kona yangu karibu na dirisha. Sikuitaja kwa sababu sikuiona tena, kama mtu asivyotaja kwamba amevaa viatu. Ila nisikuachie ushindi wote: nimewaona watu wanaokaa vizuri kama sanamu kwa dakika 40, kisha wanagombania nafasi ya kuegesha gari nje ya ukumbi uleule.

Msomaji wa Garuga amejibu:

Nimefuata mazungumzo haya kwa utulivu, na naomba niingilie kwa heshima. Mimi ni Mganda, na huhudhuria kituo cha Wabudha kilichoko Garuga, upande wa Entebbe, ambacho mtawa Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa Uganda, alikianzisha mwaka 2005. Kiswahili changu nilikipata kazini, mnisamehe nitakapoteleza.

Mmezungumza sana juu ya mto, kengele, na dakika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kijana wa stoo.

Ndugu mhasibu, katika njia ya Buddha yenye sehemu nane, kusema sawasawa kunatajwa kabla ya umakini, na kauli kali imo miongoni mwa mambo ya kujiepusha nayo. Hata huko Igatpuri, kabla ya kufundishwa pumzi, mliahidi kwanza kushika maadili matano. Mafundisho hayo huanza na maadili kwa sababu ya kivitendo kabisa: mtu aliyemdhalilisha mwenzake mchana akikaa usiku atakaa na huyo mwenzake. Jaribu, utaona.

Katika Sallatha Sutta Buddha anasimulia habari ya mishale miwili. Mtu anachomwa mshale, na hayo ni maumivu ya mwili. Kisha kwa huzuni na kulalamika anajichoma wa pili. Nadhani unajichoma wa pili tangu wiki iliyopita, ukijiuliza kama siku 10 zako zimepotea. Kwa maoni yangu hazikupotea, kwa kuwa umeweza kutuambia masikio yalikuwa ya moto na mate yamekauka. Mtu ambaye hajafunzwa angekumbuka tu kwamba kijana alikuwa mjinga. Lakini kijana naye ana mshale wake, aliochomwa mbele ya wateja, na huo hautolewi kwa wewe kukaa. Je, ulimwomba radhi?

Mhasibu wa Kimara amejibu, baada ya wiki tatu:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Sikuwa nimemwomba radhi. Nilikuwa nimemnunulia soda, nikadhani tumemalizana. Siku iliyofuata baada ya kusoma maneno ya ndugu wa Garuga nilimwita, na kwa kuwa nilimfokea mbele ya watu, nikaona nimwombe radhi mbele ya watu. Nilisema: "Zile boksi 36 ulizihesabu sawa, mimi ndiye niliyeandika vibaya, na sikuwa na haki ya kusema niliyoyasema." Alitazama chini, akasema, "Haina shida, bosi," na akaenda. Hakuna kilichotokea zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba siku mbili baadaye alinionyesha kosa langu jingine, kwenye ankara, jambo ambalo awali asingethubutu kulifanya.

Ninakaa kwenye mkeka jikoni, saa kumi na robo alfajiri, dakika 20. Asubuhi nne sikukaa kabisa. Asubuhi moja binti yangu mdogo aliamka, akaja kukaa mapajani mwangu bila kusema neno, akalala hapohapo, nami nikaendelea na pumzi mbili kwa wakati mmoja, yangu na yake. Tendo langu la mchana ni kufungua daftari la stoo: kabla ya kusoma tarakimu ya kwanza, navuta pumzi moja.

Juzi mzigo mwingine ulitofautiana na hati. Moto ulianza masikioni, nikausikia, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Nilikuwa nimesema maneno mawili. La tatu nililimeza.

Jioni bado imenishinda. Nikikaa baada ya watoto kulala, kichwa kinaanguka kifuani ndani ya dakika tano. Mpiga udi, una neno juu ya usingizi?

Mpiga udi wa Malindi amejibu:

Hata Moggallana, mmoja wa wanafunzi wakuu wawili wa Buddha, alisinzia akifanya mazoezi, na ushauri aliopewa umehifadhiwa. Badilisha unachokiangalia, ikishindikana, yakumbuke mafundisho uliyoyasikia, ikishindikana, vuta ndewe za masikio yako na ujisugue mikono na miguu, ikishindikana, inuka, nawa macho kwa maji, utazame nyota, ikishindikana, tembea huku na huko. Na ikishindikana kabisa, lala ubavu wa kulia, ukiwa umeazimia saa ya kuamka.

Wewe unaamka saa kumi alfajiri na una watoto wawili. Anza na hilo la mwisho.